Mume Mwingereza, mke mzaliwa wa Malindi: tukitaka kustaafu Kenya tuombe kibali gani?

Binti_wa_Shela

Habarini wapendwa, natumai hamjambo. Naombeni msaada kwa mwenye kujua haya mambo manake nimeuliza mpaka nimechoka na kila mtu ananipa lake. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimekulia pale Shela, nikaja Uingereza miaka ya 90 kwa kazi ya unesi na tangu hapo nyumbani ni likizo tu. Uraia wa huku nilichukua 2003, na wakati ule Kenya ilikua hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa hivyo ule wa Kenya ukakatika hapo hapo, pasipoti yangu ya zamani ninayo lakini haina kazi. Mume wangu ni Mwingereza wa kuzaliwa, ana miaka 66, ashaanza kulipwa pensheni ya serikali na ana nyingine ndogo ya kaunsili alikokua akitunza mabustani. Mimi nina 61, pensheni ya NHS (hospitali za serikali za huku) nimeanza kuichukua, ile ya serikali bado mpaka nifike 67.

Sasa tumeamua kurudi tukapumzike nyumbani. Kwangu ni nyumbani, kwake ni ugenini, na kisheria hivi sasa hata mimi ni mgeni, jambo ambalo linaniuma kila nikisimama foleni ya wageni uwanja wa ndege wa Mombasa naona watoto wa majirani wetu wanapita ile ya wenyeji. Juzi mzee alikaa na masharti ya kibali cha Class K, kile cha mgeni anaekaa Kenya kwa mapato yake bila kufanya kazi, statementi za benki zimejaa meza nzima, anajumlisha anatoa, akifika kwenye mapato ya dola 24,000 kwa mwaka anakwama, mara anabadilisha pauni kwa bei ya leo mara kwa bei ya mwaka jana, usiku wote.

Nataka kujua, sote wawili tuombe hiyo Class K au kuna njia nyingine? Halafu kuna shamba la marehemu baba kule Ganda, ndugu zangu wamekubali niandikishiwe fungu langu ili tujenge, lakini mjomba anasema mgeni haandikishiwi shamba Kenya. Ni kweli? Na je pensheni zinalipwa huko bila shida? Nitashukuru sana.

Horohoro_Boy

Dada mbona unajipa presha bure. Ingia na eTA, ile ruhusa ya kuingia inayoombwa mtandaoni, kama watalii wengine wote, siku zako 90 zikikaribia kwisha panda matatu mpaka Lungalunga mpakani, vuka Horohoro upande wa Tanzania kaa Tanga siku mbili tatu ule pweza, rudi. Kuna wazungu Diani wanafanya hivo miaka na miaka na hakuna aliewauliza kitu.

Karani_Mstaafu

@Horohoro_Boy ndugu yangu huo ushauri usimpe mtu wa miaka 66. eTA ni ya kutembea. Afisa pale mpakani ana haki ya kuuliza huyu mtu anaishi wapi, mbona muhuri wake ni Lungalunga tu kila miezi mitatu, na siku akikataa kumrudisha ndani huyo mzee ameachwa Horohoro na nyumba yake na dawa zake ziko Malindi. Isitoshe mtalii hawezi kupanga maisha, kila ofisi utakayoingia utaulizwa kibali na kitambulisho cha mgeni, akaunti ya benki ni hivo, PIN ya kodi ya KRA ni hivo, bima ya afya ni hivo.

Sasa Binti wa Shela dada yangu nisikilize vizuri kwa sababu mimi nimeshughulika na makaratasi ya watu walioko nje kwa muda mrefu na hili swali lako naliona kila mara, na watu wengi wanalianzia mwisho. Wewe usiombe Class K. Wewe rudisha uraia wako kwanza. Katiba ya 2010 kifungu cha 14(5) inasema mtu aliekua raia wa Kenya kwa kuzaliwa akaupoteza kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine ana haki ya kuurudisha akiomba. Soma hapo, ana haki. Hauombi fadhila na hauangaliwi una pesa ngapi. Unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, unajaza fomu ya kurudisha uraia, unaambatisha cheti chako cha kuzaliwa cha Kenya, hiyo pasipoti yako ya zamani unayoiona haina kazi (ina kazi kubwa sana, usiitupe), kitambulisho cha zamani kama unacho, pasipoti ya Uingereza na kile cheti cha uraia ulichopewa 2003. Ukiwa London unaweza kupitia ubalozi pale Portland Place. Ukishapewa cheti unachukua kitambulisho na pasipoti ya Kenya na ile ya Uingereza unabaki nayo, Uingereza haina neno na uraia wa nchi mbili.

Jambo moja hapa watu hawalijui. Sheria ya uraia ya 2011 inataka mwenye uraia wa nchi mbili autangaze kwa idara ya uhamiaji ndani ya miezi mitatu, kuna fomu yake, na kutotangaza ni kosa lenye faini mpaka shilingi milioni 5 au kifungo mpaka miaka 3. Kwa hivyo siku hio hio unayoshika cheti, jaza na ile fomu ya kutangaza, yaishe.

Ukishakua Mkenya tena, mambo ya mume wako yanabadilika kabisa. Anaacha kua mstaafu wa kigeni anaetafuta mahali pa kukaa, anakua mume wa raia. Njia yake ya kwanza ni pasi ya mtegemezi, wewe ndio unaemuombea, kwa cheti cha ndoa, barua yako na nakala ya kitambulisho chako. Hapo hakuna dola 24,000. Halafu hio hio sheria ya 2011 kifungu cha 37 inampa mume au mke wa raia nafasi ya kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikishafika miaka 3. Na Katiba kifungu cha 15(1) inasema aliekua kwenye ndoa na raia kwa miaka 7 anaweza kuomba uandikishwe uraia wenyewe. Angalia maneno, ndoa na RAIA, na wewe miaka yote hii haukua raia, kwa hivyo pangeni mambo yenu kana kwamba hesabu inaanza siku uraia wako umerudi, msije mkajenga mipango juu ya miaka ya harusi yenu ya zamani.

Hata hivyo Class K msiitupe moja kwa moja, nitarudi kuisema.

Mpwani_Leicester

Karani amemaliza upande wa kibali, mimi wacha niseme pensheni kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia na wanajua wakati washauza nyumba ya huku.

Pensheni ya serikali ya Uingereza inalipwa Kenya, hilo halina shida, unaandikia ile ofisi yao ya kimataifa ya pensheni na pesa zinaingia kwenye akaunti ya huku au ya huko upendavyo. Lakini Kenya iko kwenye zile nchi ambazo pensheni haiongezwi. Yaani kiwango ulichoanza kulipwa ukiwa huko, au ulichohama nacho, ndicho hicho hicho mpaka ufe. Wenzako waliobaki Leicester kila Aprili wanaongezewa, wewe hauongezewi hata peni. Nikupe mfano. Aliestaafu Kenya mwaka 2010 na pensheni ya msingi iliyokamilika alikua anapata pauni 97.65 kwa wiki. Leo bado ni 97.65. Mwenzake aliebaki huku, pensheni ile ile ya msingi, mwaka 2025 amefika pauni 176.45. Miaka kumi na tano tu, na unga wa Malindi haukusimama kumsubiri. Tanzania vile vile imegandishwa, Uganda pia. Mauritius inaongezwa kwa sababu wana mkataba, na ukihamia nchi za Ulaya kama Ureno au Uhispania inaongezwa. Hilo mimi linanikera sana, watu wamekatwa pesa kwenye mishahara sawasawa na wenzao maisha yao yote halafu wanaadhibiwa kwa kurudi kwao.

Sasa habari njema, na wengi hawaijui. Pensheni ya NHS na ile ya kaunsili ya mume wako hazina huo mchezo. Hizo zinaongezwa kila mwaka kulingana na kupanda kwa bei popote ulipo, hata uwe Ganda. Kwa hivyo dada katika zote mlizonazo hizo mbili ndizo zitakazowabeba uzeeni, hata kama leo zinaonekana ndogo mbele ya ile ya serikali. Kwenye bajeti yenu ile ya serikali ihesabuni kua haitatembea na bei za vitu zipandishe kila mwaka, muone mkifika miaka 80 mtakua wapi.

Pia wewe una miaka 61. Ukihama leo utakua umeacha kuchanga kabla ya 67. Pensheni kamili inataka miaka 35 ya michango na chini ya 10 hupati kitu. Kabla hujaondoka ingia kwenye tovuti ya serikali uangalie rekodi yako ina miaka mingapi na kama kuna mianya unaweza kuijaza. Ukishafika huko kuna fomu ya kuthibitisha uko hai, wanaituma kwa posta kila baada ya muda, unaijaza mbele ya shahidi wanaemkubali unairudisha, usipoirudisha wanasimamisha malipo. Na posta zetu mnazijua. Tafuteni sanduku la posta la kuaminika, msitegemee la shule ya jirani.

Binti_wa_Shela

Jamani Mungu awabariki. Nimemsomea mzee yote akanyamaza, halafu akasema kwa hivyo usiku wote ule nilikua natafuta dola ambazo hazihitajiki. Lakini Karani hujarudi kwenye Class K na mimi nina swali linalonisumbua sana sitaki hata kulitamka. Mimi presha ninayo na sukari ninayo, mzee ni mzima kunishinda. Kama mimi nikitangulia, yeye na hio pasi ya mtegemezi anakua mtegemezi wa nani? Watoto wetu wako huku, yeye Kiswahili chake ni cha kununulia samaki tu.

Karani_Mstaafu

Shukran kwa kuuliza dada, ndio hapo nilipokua naelekea na ni swali ambalo kila ndoa ya aina hii inafaa ilijadili wakiwa wazima, si hospitalini.

Pasi ya mtegemezi imesimama juu yako. Wewe ukitoka, imepoteza mguu. Class K imesimama juu yake mwenyewe, ni kibali chake kwa umri wake na mapato yake. Masharti yake kwa ufupi, awe na miaka 35 au zaidi, aoneshe mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka kutoka vyanzo kama pensheni au vitega uchumi, na aahidi kua hatafanya kazi ya kulipwa Kenya. Kwa hivyo tufanye ile hesabu ya mezani kwenu. Pensheni mpya ya serikali iliyokamilika kwa mwaka wa 2025 hadi 2026 ilikua pauni 230.25 kwa wiki, kwa mwaka ni karibu pauni 11,970. Ukiihesabu pauni kwa dola 1.30 hio ni kama dola 15,560. Imebaki kama dola 8,440, yaani pensheni ya kaunsili ikiwa inampa pauni 6,500 kwa mwaka amefika. Lakini kufika kwa kubanana ni hatari manake kibali kinarudiwa, na pauni ikishuka hesabu inaanguka na hio ya serikali Mpwani ameshakueleza haiongezwi. Ndio maana nasema Class K kwake iwe mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni kuanza na pasi ya mtegemezi na siku masharti ya ukaazi wa kudumu yakitimia aombe siku hio hio, asisubiri. Akaunti zenu na taarifa za pensheni ziweke kwenye faili moja, kila mwaka, ili hata ikibidi aruke kwenda Class K karatasi zipo.

Na andikeni wosia. Mmoja wa mali za Kenya kwa wakili wa Kenya, na ule wa Uingereza uwe kwa wakili wa huko, na kila wakili ajue kuna wosia mwingine, wa pili usije ukafuta wa kwanza kwa sentensi moja.

Mtanga_Reading

Shikamoo dada. Nasoma hapa roho inaniuma kwa sababu mimi ni wa Tanga, wewe ni wa Malindi, bahari moja, lakini sheria zimetutenganisha kabisa. Sisi Watanzania mpaka leo ukichukua uraia wa nje ukiwa mtu mzima ule wa Tanzania unakoma, hakuna kifungu cha kuurudisha huku umeshika wa Uingereza kama nyinyi. Mimi nikitaka kustaafu kwetu Chumbageni naingia kama mgeni.

Kilichobadilika ni kua 2025 sheria yetu ya uhamiaji ilirekebishwa ikaweka hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania, na sheria ya ardhi nayo ikaguswa ili wenye hadhi hio waweze kumiliki ardhi. Sio uraia, kura hupigi na uongozi hugombei, lakini kuishi na kujenga kunawezekana, ni afadhali kuliko kukimbizana na vibali. Na Zanzibar wana utaratibu wao, ukinunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi kwenye miradi iliyoidhinishwa na mamlaka yao ya uwekezaji unapewa kibali cha ukaazi, lakini dola laki moja kwa mtu aliefanya kazi ya usafi hospitali miaka yote si jambo la kulisema tu.

Nakwambia haya dada ili ujue hio haki ya kifungu cha 14 mliyopewa ni kitu kikubwa. Kichukue kesho.

Mama_Watamu

Binti wa Shela karibu nyumbani. Mimi niko huku Watamu, na mume wangu pia ni wa Ulaya, wacha niseme ya ardhi na hospitali.

Mjomba wako hajakosea, ila hajamaliza. Asie raia Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa kukodishiwa tu, na mwisho ni miaka 99, hio ni kifungu cha 65 cha Katiba. Hata kama ardhi ilikua ya kumiliki milele, ikiingia mkononi mwa mgeni inahesabika ni ya miaka 99. Na shamba la kilimo ndio kabisa, kuna bodi ya ardhi inayopitisha mauzo na ugawaji wa mashamba na mgeni hapiti hapo. Kwa hivyo kama mngeandikisha fungu lako leo ukiwa Mwingereza mngeingia kwenye tope. Subirini. Urudishiwe uraia, upate kitambulisho, ndio ndugu zako wakamilishe mirathi ya baba mahakamani kama bado haijakamilika, halafu serveya agawanye, kila mtu hatimiliki yake. Na jina liwe lako, usikubali maneno ya tuandike la kaka kwa muda. Nyumba za pwani zilizopotea kwa "kwa muda" ni nyingi, hapa kijijini kwetu kuna ukuta umesimama nusu, madirisha hayajawekwa, ndugu na ndugu hawasalimiani.

Kabla ya kuweka jiwe fanya sachi rasmi ya hio ardhi, yaani uangalie kwenye rekodi za serikali imeandikwa kwa nani. Ganda, Msabaha na pande zile zote historia ya ardhi ni nzito, kuna watu wamekaa vizazi bila hati na hati ziko na watu ambao hawajawahi kufika. Uliza wazee wa kijiji na chifu pia, sachi ya kompyuta haitakwambia nani analima pale.

Hospitali. Nyinyi wawili mtakapohama rasmi ile haki ya kutibiwa bure hospitali za NHS inakatika, inafuata mahali unapoishi, si pasipoti. Usidhani utaruka tu na ndege ukaingia wodini. Huku sasa NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya zamani, ilifungwa, tangu Oktoba 2024 ni SHA, raia wote wanatakiwa wajiandikishe, na mgeni anaeishi nchini zaidi ya miezi 12 pia. Alieajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, nyinyi msioajiriwa wanawapima kwa maswali ya hali ya nyumbani. Jiandikisheni lakini msilale juu yake. Kwa sukari na presha yako unahitaji bima ya binafsi na hapo ndipo umri unapouma, kampuni nyingi mtu mpya aliepita miaka 65 hawamchukui, au wanamchukua kwa masharti ya maradhi aliyonayo. Mzee wako ana 66. Tafuteni bima SASA kabla ya tiketi, ulizeni kama inaendelea mpaka umri gani, na kama maradhi ya zamani wanayalipia baada ya muda gani. Kampuni moja ilimkubali mume wangu kwa tabasamu, siku ya kulazwa ndio wakatuonesha mstari wa masharti ambao wakala hakuutaja, tukalipa mfukoni.

Kwa mambo ya moyo au figo watu wa huku wanakwenda Mombasa, ni mwendo wa masaa mawili na zaidi kutoka Malindi barabara ikiwa nzuri. Mkiweza msijenge mwanzo. Pangeni nyumba mjini mwaka mzima karibu na hospitali, mpite nayo joto la Machi na mvua ya Mei, mzee aone kama mwili wake unakubali, shamba halikimbii.

Horohoro_Boy

Sawa nimekubali nimesoma. Lakini mzee akichoka kukaa anaweza kufungua kabiashara? Huku wazungu wengi wana vyumba vya kukodisha watalii.

Karani_Mstaafu

Kwa pasi ya mtegemezi hafanyi kazi wala biashara bila kibali chake cha kazi, na Class K ameshaahidi kwa maandishi hatafanya kazi ya kulipwa. Mkewe akiwa raia na nyumba ni ya mkewe, biashara iandikwe kwa jina la mkewe, PIN ya mkewe, kodi alipe mkewe. Mzee apalilie maua nyumbani kwake hilo halina kibali.

Mpwani_Leicester

Na gari, kabla sijasahau. Mkazi anaerudi baada ya kuishi nje miaka 2 au zaidi anaruhusiwa kuingiza gari lake moja bila ushuru, lakini liwe lake na amelitumia huko nje angalau miezi 12, usukani kulia, na lisizidi miaka 8. Hapo Uingereza inatusaidia manake usukani ni kulia tayari. Sasa usifanye kama watu wanaonunua gari wiki ya mwisho wakidhani litapita. Kama mnataka kuja nalo, linunueni mwaka mmoja kabla, liandikwe jina lako wewe unaerudi.

Binti_wa_Shela

Nimeandika yote kwenye daftari. Kumebaki moja dogo lakini naliogopa. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la baba na la babu, na jina langu la kwanza limeandikwa kwa herufi nyingine kabisa, karani wa zama zile aliandika alivyosikia. Pasipoti ya zamani ya Kenya lina herufi sahihi. Pasipoti ya Uingereza nina jina la mume. Yaani ukiweka hizo karatasi tatu mezani ni wanawake watatu. Si watanikataa?

Karani_Mstaafu

Hawatakukataa, wanawake wengi wanaorudisha uraia wako hivo hivo. Kutoka jina la baba kwenda jina la mume daraja ni cheti cha ndoa, weka nakala iliyothibitishwa. Kwa zile herufi za jina la kwanza unahitaji hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, uyaandike yote matatu kama yalivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, uape mbele ya wakili wa viapo, ukiwa huko notari anakubalika. Usianze na kubadilisha cheti cha kuzaliwa, hio ni kazi ya miezi na hapa haihitajiki. Halafu kwenye fomu ya eCitizen jaza jina la sasa, na pale wanapouliza majina mengine uliyowahi kutumia usiache wazi, weka yote. Kitambulisho kipya utakachopewa ndio kitaamua jina la kwenye hatimiliki ya Ganda, kwa hivyo amua mapema unataka lipi kati ya hayo, la mume au la baba, umwambie na wakili wa mirathi aandike hilo hilo.